Carlos Chagas, munganga aliyefuata mapigo ya moyo katika nyumba za maskini

Kila tarehe 14 Aprili dunia inakumbuka ugonjwa wa Chagas, ugonjwa wa Amerika ya Kusini unaoharibu moyo polepole. Jina hilo linatoka kwa Carlos Chagas, munganga wa Brazil. Katika Kongo wengi hawamujui, lakini kijidudu alichovumbua ni ndugu wa kile kinacholeta ugonjwa wa usingizi kupitia inzi tsetse. Vyote viwili ni vya jamaa ya tripanosoma.

Chagas alizaliwa Oliveira, katika jimbo la Minas Gerais. Baba yake alikufa yeye akiwa na miaka 4, mama akabaki kulea watoto na kusimamia shamba la kahawa. Mwaka wa 1903 alimaliza masomo ya udaktari Rio de Janeiro.

Mwaka wa 1907 alitumwa Lassance, kwa sababu malaria ilikuwa inaangusha watu waliokuwa wakijenga njia ya reli. Alipewa vagoni moja ya treni. Humo alilala, akatibu wagonjwa, akaweka na mikroskopi yake. Injinia mumoja wa reli akamuonyesha mududu mwenye kufyonza damu, anayejificha muchana katika nyufa za kuta za udongo. Wenyeji walimuita kinyozi, kwa sababu usiku anauma watu kwenye uso.

Ndani ya tumbo la mududu huyo Chagas aliona vijidudu. Akatuma wadudu wengine Rio, kwa mukubwa wake Oswaldo Cruz. Nyani walioumwa nao wakaambukizwa. Kijidudu kikaitwa Trypanosoma cruzi, kwa heshima ya Cruz. Tarehe 14 Aprili 1909, Chagas alikiona katika damu ya mutoto mwanamuke wa miaka 2 aliyekuwa na homa.

Lakini hatari kubwa ilikuwa kwa watu wazima. Wengine moyo wao ulipiga bila mupango, wengine ulipiga polepole sana, na wengine walianguka gafula na kufa, hata wangali na nguvu ya kulima. Mwaka wa 1922, pamoja na Eurico Villela, Chagas alitoa maelezo marefu juu ya moyo wa wagonjwa hao. Kisha miaka mingi ndani ya mwili, ugonjwa unaacha makovu katika nyama ya moyo. Umeme unaoongoza mapigo unakatiwa njia, ao unazunguka mahali pamoja, na moyo unakimbia mupaka unashindwa kusukuma damu.

Wakati huohuo, katika Chuo cha Taifa cha Udaktari, wapinzani walisema kwamba ugonjwa huo ni wa watu wachache wa Lassance, na kwamba Chagas anapaka inchi yake matope. Kosa lake la kuunganisha ugonjwa huo na uvimbe wa shingo liliwapa silaha. Jina lake lilipendekezwa kwa tuzo ya Nobel, lakini hakuipata.

Alikufa Rio tarehe 8 Novemba 1934, kwa ugonjwa wa moyo. Kisha hapo, Salvador Mazza alionyesha wagonjwa wengi katika Argentina, na mabishano yakaisha. Leo inajulikana kwamba karibu sehemu moja kwa tatu ya wanaoishi na ugonjwa huo wanaharibika moyo. Wengi wao wangali maskini, na wengi hawajapimwa hata mara moja.