Bernhard Grzimek na Wanyama wa Serengeti

Je, wewe ungewahesabu vipi nyumbu wasiotulia mahali pamoja? Bernhard Grzimek, daktari wa wanyama aliyezaliwa Ujerumani mwaka 1909, alitumia ndege ndogo. Mwaka 1958 yeye na mwanawe Michael waliruka juu ya Serengeti, wakihesabu wanyama na kuchunguza njia zao. Waliona kwamba makundi hufuata mvua na majani mabichi, hata nje ya mipaka ya hifadhi. Januari 1959 ndege hiyo iligongana na tumbusi, Michael akafa. Baba hakukata tamaa, bali aliikamilisha filamu yao, iliyopata tuzo ya Oscar mwaka 1960. Alifariki mwaka 1987. Kumbuka basi: mnyama hajui mpaka wa ramani. Anayetaka kumhifadhi hana budi kuijua kwanza njia yake.