Umezawa, daktari aliyetafuta dawa ya mpunga udongoni

HAMAO Umezawa hakuwa bwana shamba. Alizaliwa mwaka 1914 nchini Japani, akasomea udaktari wa binadamu Chuo Kikuu cha Tokyo na kuhitimu mwaka 1937. Lakini kila mkulima wa mpunga aliyepata kuona shamba lake likigeuka mapepe ana sababu ya kulijua jina lake.

Kazi yake ilikuwa kupekua udongo. Humo wamo bakteria wanaotengeneza sumu za asili za kujilinda dhidi ya vijidudu wenzao, na yeye alizitafuta ziwe dawa. Mwaka 1957 alitangaza kanamycin, iliyotoka kwa bakteria wa udongo wa Nagano. Iliokoa wagonjwa wa kifua kikuu ambao streptomycin ilishindwa kuwatibu. Fedha za mrabaha hazikuliwa zikaisha. Ziliwezesha kufunguliwa kwa taasisi ya utafiti jijini Tokyo mwaka 1962, naye akaiongoza. Kwa macho ya mchumi, huo ndio mtaji uliozaa dawa zilizofuata.

Wakati huo mashamba ya Japani yalisumbuliwa na blasti, ugonjwa wa kuvu ambao wakulima wa Mwea, Kenya, nao wanaufahamu vizuri. Huanza na madoa yenye ncha mbili kwenye majani. Ukishika shingo ya suke, punje hazijai. Wajapani walikuwa wakinyunyizia dawa zenye zebaki. Ziliua kuvu kweli, ila zebaki ilibaki kwenye mchele. Ukiuza mchele wa namna hiyo, unauza sumu kwa mteja wako.

Mwaka 1965 Umezawa na wenzake walitangaza kasugamycin. Bakteria wake alipatikana katika udongo wa hekalu la Kasuga, mjini Nara, ndiyo asili ya jina hilo. Huingia kwenye mmea na kuzuia kuvu wa blasti kutengeneza protini, hivyo hakui. Kilichowavutia wengi ni kwamba sumu yake kwa watu, mifugo na samaki ni ndogo mno. Dawa hiyo ilisaidia Japani kuachana na zebaki kwenye mpunga kufikia mwishoni mwa miaka ya 1960.

Hapo ndipo kosa la kibiashara lilipoingia. Kitu kizuri kilinyunyiziwa msimu hadi msimu, peke yake, na mwanzoni mwa miaka ya 1970 kuvu sugu walionekana mashambani. Wakulima walilipia dawa na bado wakavuna mapepe. Ikabidi ichanganywe na dawa za aina nyingine, au zipishane.

Umezawa mwenyewe alikuwa amekwishahamia kwenye saratani. Bleomycin, nayo ya bakteria wa udongo, ilitangazwa mwaka 1966 na hadi leo inatumika hospitalini. Alifariki Desemba 25, 1986, akiwa na umri wa miaka 72.