SIRA YA TAJIRI ALLIDINA VISRAM, NA MASAILI YA TIJARA YALIYOMO NDANI YAKE

Baada ya kumhimidi Mwenyezi Mungu na kumsalia Mtume wake, ujue ewe msomaji ya kuwa elimu ya tijara haipatikani kwa kukariri kanuni peke yake. Mwanafunzi wa fikihi hufunzwa kanuni, kisha mwalimu humwekea mas'ala: mtu ameuza kitu kabla hakijamfikia mkononi, je, hukumu yake ni nini? Mwanafunzi hutafakari, akatoa jawabu yake, ndipo mwalimu akamfunulia jawabu ya wanavyuoni. Hivyo akili hunolewa, hata siku atakapojiwa na jambo lisiloandikwa kitabuni asibabaike. Huko Marekani chuo cha Harvard kilifungua shule ya biashara mwaka 1908, na katika miaka iliyofuata walimu wake wakashika njia iyo hiyo: humwekea mwanafunzi habari ya biashara ya kweli, wakamsimamisha pale alipotakiwa mwenye mali kuamua, wakamwuliza yeye angalifanya nini.

Watu wa Mwanza na wa pwani zote za Ziwa Nyanza hawana haja ya kwenda mbali kutafuta masaili ya namna hiyo. Yamo katika maisha ya Allidina Visram, ambaye watu wa zama zake walimwita mfalme wa Uganda asiye na taji. Kila ufikapo penye mas'ala, simama kidogo, uamue wewe kwanza, kisha uendelee kusoma. Asiyesimama atapata hadithi, wala hatapata elimu.

Allidina alizaliwa katika nchi ya Kachi, upande wa magharibi wa Bara Hindi, katikati ya karne ya 19. Alikuwa Mkhoja wa madhehebu ya Ismailia. Akavuka bahari angali kijana, hana mali, akashuka Bagamoyo, akaingia kazini kwa tajiri Sewa Haji Paroo. Bagamoyo zama zile ilikuwa mlango wa bara: njia ya misafara ilitoka pale kwenda Tabora, na kutoka Tabora ikagawanyika, moja kwenda Ujiji na moja kwenda Usukuma na Nyanza. Kazi ya Sewa Haji ilikuwa kuwatengenezea wasafiri misafara yao: kuwapa nguo za merikani na kaniki, ushanga na masango, na kuwatafutia wapagazi. Hata leo hutajwa kwa wema, kwani alitoa nyumba yake ya Bagamoyo iwe shule ya watoto wa kila taifa, akatoa na mali ya hospitali katika Dar es Salaam.

Katika duka hilo Allidina aliona kila siku nani aliondoka na nini, nani alirudi na nini, na nani hakurudi. Hiyo ndiyo madrasa yake. Wala haifai kuficha ya kuwa biashara ya pembe katika siku hizo ilichanganyika na dhuluma ya utumwa. Msomaji na achukue hesabu, aiache dhuluma.

Mas'ala ya kwanza, katika mzigo. Pagazi mmoja hachukui zaidi ya frasila mbili hivi, na safari kutoka pwani hata Nyanza ni miezi mitatu hivi, naye kila siku ataka posho, na mwisho ataka ujira wake. Huko Nyanza ziko pembe, ziko ngozi, ziko karanga na mpunga. Ngozi ni rahisi mno, pembe ni ghali. Mwenye rasilmali chache anunue kipi?

Mjinga husema anunue ngozi, kwa kuwa bei yake ni ndogo na atapata nyingi. Lakini ujira wa pagazi haujui kilichomo mzigoni: frasila ya ngozi na frasila ya pembe zamgharimu mwenyewe sawasawa. Ngozi ikifika pwani bei yake haitoshi hata kulipa njia, na pembe ikifika hulipa njia ikabakiza. Basi faida haipimwi kwa bei ya kununulia, hupimwa kwa gharama ya kufikisha. Allidina alifahamu hayo, akapeleka nguo na chumvi bara, akarudisha pembe na nta. Hata alipojitegemea akazidisha jambo moja: badala ya kupeleka msafara na kuurudisha, aliweka maduka huko huko bara, ili bidhaa iingoje pembe, wala pembe isingoje bidhaa.

Mas'ala ya pili, katika njia. Nayo ndiyo kubwa kuliko zote. Mwaka 1896 Waingereza walianza kujenga reli kutoka Mombasa kwenda Nyanza. Mwaka 1897 Sewa Haji akafa, na Allidina akawa mrithi wa sehemu kubwa ya biashara ya misafara. Sasa tazama hali yake. Mali yake, wadeni wake, wapagazi wake na jina lake vyote viko katika njia ya Bagamoyo. Reli ingali mbali na Ziwa, yapita katika nyika isiyo maji, simba wanawala wafanyi kazi pale Tsavo, na katika Uingereza wenyewe wako wakubwa wanaoicheka na kuiita upumbavu. Tena iko katika dola nyingine, kwani Bagamoyo, Tabora na Mwanza zimo mikononi mwa Wadachi. Je, abaki au ahame?

Aliyesema abaki ana hoja, na aliyesema ahame ana hoja. Allidina hakufanya hili wala lile kwa ukamilifu wake. Hakuyafunga maduka ya njia ya zamani, wala hakungoja reli imalizike. Alifungua nyumba ya biashara Mombasa, akaweka maduka kando ya reli kwa kadiri ilivyosonga mbele, maana watu zaidi ya 30,000 waliletwa kutoka Bara Hindi kwa kazi hiyo, na mtu afanyaye kazi hununua. Akafungua duka na Kampala kabla reli haijaliona Ziwa. Kwa hiyo kila hatua ilijilipia yenyewe: kama reli ingalikoma njiani, angalikuwa amekwisha kuuza, na kama ingalifika, yeye angalikuwa amekwisha kufika.

Ikafika. Tarehe 20 Desemba 1901 reli iligusa maji ya Nyanza mahali palipoitwa Port Florence, ndipo Kisumu. Meli za Waingereza zikaanza kuzunguka Ziwa, na Mwanza, mji wa Wadachi, ukapata njia ya bahari kupitia nchi ya Waingereza. Hapo ile hukumu ya mas'ala ya kwanza ikageuka. Ngozi, karanga na mpunga wa Usukuma, vitu visivyofaa kutwikwa kichwani mwa pagazi, vikawa mali, kwa kuwa chombo na gari la moshi huvichukua kwa ujira mdogo. Allidina akawa na vyombo vyake Ziwani, na biashara yake ikafika Mwanza na Bukoba. Wadachi nao wakaanza reli yao kutoka Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Tabora mwaka 1912, na tawi la kuja Mwanza halikufika ila mwaka 1928, na Wadachi wamekwisha kuondoka. Ama Bagamoyo, nyumba zake kubwa zikabaki na popo. Kumbuka basi ya kuwa kanuni ya tijara husimama juu ya sababu yake, na sababu ikiondoka kanuni nayo huondoka. Waliohifadhi neno la kuwa pembe ndiyo faida, wasihifadhi sababu yake, waliachwa nyuma.

Mas'ala ya tatu, katika mawakala. Mtu mmoja yuko Mombasa, maduka yake ni makumi, mengine ni safari ya siku nyingi. Hawezi kuyaona. Ayaendesheje? Ziko njia tatu, na kila moja ina hukumu yake. Ya kwanza ni wakili wa mshahara: faida yote ni ya mwenye mali na hasara yote ni yake, wala wakili halipi kilichopotea mkononi mwake ila akifanya hiyana au uzembe. Ya pili ni kiradhi: mmoja atoa mali, wa pili atoa kazi, wakagawana faida, nayo kwa Imamu Shafii rasilmali yake ni fedha taslimu, si bidhaa. Ya tatu ni kumwuzia mwenye duka bidhaa kwa deni, na hapo mali imekuwa yake na deni liko katika dhima yake, apate au asipate.

Allidina alitumia wakili katika miji mikubwa, na deni kwa wenye maduka madogo. Vijana waliokuja kutoka Kachi mikono mitupu, kama alivyokuja yeye, aliwapa bidhaa wakaenda kufungua duka mahali ambapo hapakuwa na duka. Kwa hivyo hakulipa mshahara kwa mtu asiyeweza kumwona, na yule kijana alilinda mali kwa kuwa ni yake. Lakini tazama na upande wa pili. Deni nyingi ni jengo refu, na msingi wake ni mtu mmoja aliyemjua kila mdeni, tabia yake na uwezo wake. Daftari huandika kiasi cha deni, haliandiki kwa nini fulani aliaminiwa. Jambo hili litarudi mwisho.

Mas'ala ya nne, katika kuzalisha. Tajiri anunuaye na kuuza, je, imfaa kuingia katika mashamba na viwanda? Mali iliyo dukani yaweza kuuzwa kesho. Mali iliyo shambani imefungwa hata mvua na miaka itakapotaka. Allidina aliingia. Akalima mashamba, akajaribu mazao mbalimbali pamoja na mpira na pamba, akaweka vinu vya mafuta, kiwanda cha sabuni, mashine za kuchambua pamba na za kupasua mbao. Hoja yake yaonekana katika reli ile ile: gari lililoleta nguo hurudi tupu pasipo mazao, na mkulima asiye na zao la kuuza hana fedha ya kununua nguo. Akijenga zao, amejenga na mnunuzi wake.

Walakini si kila zao lilitimiza tumaini. Mpira ulisifiwa sana, na mwaka 1913 bei yake ulimwenguni ikaanguka, wengi wakaacha miti yao. Pamba ikadumu, ikawa uhai wa Uganda, na baada ya miaka ikawa uhai wa Usukuma. Busara iliyomo ni kwamba alijaribu mambo mengi, asiweke mali yote katika jambo moja, hata lililoanguka halikumwangusha.

Mas'ala ya tano, katika urithi. Mwaka 1914 vita vikazuka, na Ziwa likagawanyika kati ya maadui. Maduka ya upande wa Wadachi yakawa ng'ambo ya mpaka wa moto. Mwaka 1916 Allidina Visram akafa, mwaka ule ule Waingereza walipoitwaa Mwanza. Aliacha mashamba, viwanda, vyombo, na maduka yaliyotapakaa kutoka pwani hata bara. Mwanawe Abdulrasul akasimama mahali pake, akajenga Mombasa shule yenye jina la baba yake, ambayo imefunza vizazi kwa vizazi. Ama biashara yenyewe haikudumu. Baada ya vita bei zikapanda kisha zikaanguka, na katika muda usiofika miaka ishirini tangu kufa kwake nyumba ile kubwa ilikuwa imekwisha kutawanyika. Je, ingalifanywa nini ili isitawanyike?

Mas'ala hii haina jawabu iliyotendwa, na kwa hiyo ndiyo yenye faida kubwa kuliko zote. Mali hurithiwa kwa mafungu yaliyohesabiwa, lakini kuamua hakurithiwi, sharti kufunzwe. Allidina aliijua hesabu ya mzigo kwa kuwa alikaa miaka katika duka la Sewa Haji. Akaijua njia kwa kuwa aliiona ikigeuka. Akawajua wadeni kwa kuwa yeye mwenyewe aliwahi kuwa mfano wao. Mrithi hupokea jawabu tu, yaani duka lililojaa, asipokee swali lililozaa duka hilo. Na hali ikigeuka jawabu la jana halimfai. Basi mwenye mali na amketishe mwanawe kando yake angali hai, asimwambie tu ameamua nini. Amwekee mas'ala kabla hajaamua, amsikilize, akosee naye angali na mtu wa kumsahihisha.

Na ili msomaji asidhani ya kuwa mambo haya yamepita pamoja na wapagazi, na atazame karibu. Mwezi wa Juni mwaka 2025 lilifunguliwa daraja la Kigongo na Busisi, urefu wake kilomita 3 hivi, juu ya ghuba ya Mwanza, mahali ambapo watu na magari walikuwa wakingoja kivuko. Aliyekuwa akiwauzia chakula wenye kungoja, sasa gari lapita lisisimame. Sababu imeondoka. Je, abaki penye gati kwa kuwa hapo ndipo alipozoeleka, ahamie barabarani, au atafute mzigo ambao jana haukufaa kuvushwa na leo wafaa? Huyo amesimama pale pale aliposimama Allidina mwaka 1897, ila mizani yake ni ndogo. Na ahesabu, aulize wenye maarifa, amwombe Mola wake, kisha atie nia.

Mwenyezi Mungu atujaalie chumo la halali na watoto wenye kujua sababu ya mambo. Wallahu aalam.