Buster Keaton: Filamu iliyomponza ndiyo iliyompa heshima

Mwaka 1926, huko Oregon, Marekani, Buster Keaton aliangusha treni ya kweli mtoni, daraja likiwaka moto. Wala haikuwa ya kuigiza kwa midoli.

Jamaa huyu, mzaliwa wa 1895, alikulia jukwaani na wazazi wake. Alichekesha watu kwa uso mkavu, na sehemu za hatari alizicheza mwenyewe.

Lakini The General, filamu isiyo na sauti aliyoipigania hivyo, ikabuma. Hela nyingi zikapotea. Mwaka 1928 akajiunga na MGM, akapoteza uhuru wa kazi zake. Pombe nayo ikamwandama.

Alifariki 1966, akiwa ameshuhudia watu wakiirudia. Mpaka leo inachekesha, na hakuna anayesikika akisema neno.