Jaji Aliyewatetea Wasioweza Kujibu

Msomaji mpendwa, wahenga walinena kwamba mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Nami naongeza: mzigo wa lawama ni rahisi zaidi kumtwika marehemu, maana hajibu. Leo nakuletea maisha ya mtu aliyeukataa mtindo huo.

Peter Mahon alizaliwa mwaka wa 1923 nchini New Zealand. Alipigana Italia katika Vita Vikuu vya Pili, akawa wakili, na mwaka wa 1971 akawa jaji.

Tarehe 28 Novemba 1979, ndege ya Air New Zealand iliyobeba watalii kutazama barafu ya Antaktika iligonga Mlima Erebus. Watu wote 257 walikufa. Mpelelezi mkuu wa ajali akasema kosa ni la marubani: eti walishuka chini mno bila kuwa na hakika ya mahali walipo. Na marubani, maskini, walikuwa kaburini.

Mahon akapewa kazi ya kuchunguza upya. Alihoji mashahidi, akaenda mwenyewe hadi Antaktika. Kumbe! Usiku wa kuamkia safari, kampuni ilibadilisha tarakimu za njia katika kompyuta bila kuwaambia marubani. Wao walijua watapita juu ya bahari, kumbe wanaelekea mlimani. Juu mawingu meupe, chini theluji nyeupe. Mlima ulikuwa mbele yao na hawakuuona.

Mwaka wa 1981 Mahon aliwaondolea marubani lawama. Tena akaandika kwamba wakubwa wa kampuni walipanga kumdanganya. Hapo moto ukawaka! Mahakama ya Rufani ikasema hakuwapa nafasi ya kujitetea juu ya shtaka hilo la uwongo. Akajiuzulu mwaka wa 1982, na rufani yake London ikashindwa mwaka wa 1983. Alifariki mwaka wa 1986.

Mimi naona hapa pana funzo mara mbili. Aliwatetea wafu, lakini walio hai nao walistahili kusikilizwa. Hata hivyo, ukweli wake kuhusu chanzo cha ajali haukufa. Mwaka wa 2019 Waziri Mkuu Jacinda Ardern aliwaomba radhi jamaa za marehemu, akakariri kwamba marubani hawakuwa na hatia.

Basi wenzangu, hapa shuleni kioo kikivunjika, utasikia ati aliyekivunja ni yule aliyehama muhula uliopita! Siku hiyo tumkumbuke Mahon: tuchunguze kwanza, na kila mtu aulizwe.