Aliyegawa Ramani ya Ndege Bila Malipo

Katika Hulugho, mji mdogo ulioko kusini-mashariki ya Garissa karibu na mpaka wa Somalia, ndege si kitu kigeni kwa macho. Mtoto achungaye ng'ombe husikia ngurumo yake kabla hajaiona, akainua uso, akaifuata hadi ipotee. Lakini ndege ni kitu kigeni kwa mikono. Mwanafunzi huidhania kuwa chombo kilichoshushwa kikiwa tayari kimekamilika, mali ya serikali, ya jeshi, au ya mashirika ya misaada. Akithubutu kusema darasani kwamba angependa kuiunda mwenyewe, wenzake humcheka, na pengine mwalimu naye hucheka.

Makala haya yanakusudia kumtetea mwanafunzi huyo. Utetezi wenyewe ni maisha ya mtu aliyefariki zamani, Alberto Santos-Dumont wa Brazil, ambaye jina lake hutajwa mara chache katika shule zetu, ilhali kila mtu anayeunda ndege nyumbani kwake hii leo anatembea katika njia aliyoifyeka yeye.

Alizaliwa tarehe 20 Julai 1873 katika jimbo la Minas Gerais. Baba yake, Henrique Dumont, alikuwa mhandisi aliyegeukia kilimo cha kahawa, na alipohamia jimbo la São Paulo shamba lake lilipanuka hata likawa na reli yake lenyewe. Huko ndiko kijana alikopata elimu yake ya kwanza. Alijifunza kuendesha garimoshi angali mtoto, na akawa haondoki penye mitambo ya kahawa. Aliona kwamba vichekecho viendavyo mbele na nyuma huharibika upesi, na kwamba kifaa kinachozunguka hudumu zaidi. Hakuna mwalimu aliyempa somo hilo. Alilipata kwa kutazama kazi iliyokuwa ikifanywa nyumbani kwao kila siku.

Baba yake alipopata ajali mbaya ya gari la farasi, aliuza shamba, akamgawia mwanawe urithi wake mapema, na kumhimiza aende Paris akasome fizikia, kemia na ufundi wa mitambo. Mzee huyo akafariki mwaka 1892. Ni haki tuseme wazi kwamba Alberto alikuwa mtoto wa tajiri, na kwamba mali aliyoitumia hakuichuma mwenyewe. Atakayetuambia kuwa alianza kama mtoto wa mfugaji wa Ijara atakuwa anatudanganya. Jambo la kupima ni namna alivyoitumia mali ile, na maarifa yaliyotokana nayo.

Mwaka 1898 aliunda puto lake la kwanza la hariri ya Kijapani, dogo kuliko mafundi wa Paris walivyodhani lingeweza kumbeba mtu. Halafu akaanza kuunda maputo marefu yenye injini na usukani. Mara kadhaa nusura afe. Mnamo Agosti 1901 moja liliangukia paa la hoteli, naye akaokolewa akiwa ananing'inia ukutani. Tarehe 19 Oktoba mwaka huo huo aliondoka Saint-Cloud, akauzunguka Mnara wa Eiffel na kurudi, akashinda tuzo ya faranga 100,000. Fedha hizo hakuziweka mfukoni. Aliwagawia mafundi wake na maskini wa Paris.

Kisha akayaacha maputo na kutamani chombo kizito kuliko hewa. Wamarekani Wilbur na Orville Wright walikuwa wamekwisha kuruka tarehe 17 Desemba 1903, lakini walifanya kazi yao mbali na umati na kuulinda ubunifu wao kwa hati za kumiliki na kwa kesi mahakamani. Santos-Dumont aliruka mbele ya watu. Tarehe 23 Oktoba 1906, katika uwanja wa Bagatelle jijini Paris, chombo chake kilichofanana na tiara kubwa za sanduku kiliinuka na kwenda mita 60. Tarehe 12 Novemba kilikwenda mita 220. Wabrazil hadi leo humhesabu yeye kuwa wa kwanza, na Wamarekani huwahesabu ndugu wa Wright. Sisi hatuna haja ya kuamua shauri hilo, kwa maana ubora wake hautegemei nani alitangulia kuruka.

Kazi yake iliyo bora ilikuja baadaye, kati ya mwaka 1907 na 1909, nayo ni ndege ndogo aliyoiita Demoiselle. Urefu wa mabawa yake kutoka ncha hadi ncha ulikuwa mita tano na ushee, na uzito wake bila rubani haukufika kilo 150. Kiwiliwili chake, yaani ile sehemu inayounganisha mabawa na mkia, kilikuwa mianzi mitatu tu. Mianzi hiyo ilitandazwa kwa urefu katika umbo la pembetatu, ikashikamanishwa kwa vyuma vyembamba, kisha ikakazwa kwa nyaya. Injini ya silinda mbili iliwekwa juu, penye bawa, na rubani akaketi chini yake karibu na magurudumu.

Walimu wa hisabati na wa fizikia wataona mara moja kwa nini chombo hicho hakikuvunjika. Mwanzi ni mrija. Ugumu wake uko pembezoni na katikati yake ni tupu, kwa hiyo hubeba mzigo mkubwa kwa uzito mdogo. Pembetatu nayo ni umbo lisilopindika ila mmoja wa upande wake ukatike. Pigilia fito nne ziwe mraba, usukume kona moja, mraba utalala. Ongeza ufito wa tano kutoka kona hadi kona, nao utasimama imara. Kanuni hiyo ndiyo inayoshikilia daraja la chuma, paa la darasa na kiwiliwili cha ndege.

Sasa tuitazame Hulugho kwa jicho hilo. Mama wa Kisomali anapojenga aqal, ile nyumba ya wafugaji wanaohama, hupinda fito na mizizi ya miti ikawa matao, huyafunga kwa kamba mahali yanapokutana, kisha huyafunika kwa mikeka. Kinachosimama ni kiunzi chepesi kilichovikwa ngozi nyepesi. Upepo wa jangwani huipiga nyumba hiyo isianguke, na siku ya kuhama hufunguliwa, ikapakiwa juu ya ngamia, ikajengwa upya mahali pengine. Mhandisi wa ndege hutafuta mambo yale yale: wepesi, uimara, na viungo vinavyogawana mzigo. Sisemi kwamba aqal ni ndege. Nasema kwamba mtoto aliyemsaidia mama yake kuifunga amekwisha kugusa nusu ya somo ambalo vitabu vyetu hulileta kana kwamba limetoka mwezini.

Santos-Dumont hakuchukua hati ya kuimiliki Demoiselle. Aliruhusu yeyote atakaye aiunde, na mwaka 1910 jarida la Marekani liitwalo Popular Mechanics lilichapisha ramani zake pamoja na vipimo, ili seremala au fundi wa kawaida aweze kuifuata. Watu wa nchi mbalimbali waliiunda. Wengine walianguka, wengine waliruka, na miongoni mwa waliojifunzia katika ndege hiyo alikuwamo Mfaransa Roland Garros, aliyekuja kuwa rubani mashuhuri.

Kutokana na mbegu hiyo umekua mti mkubwa. Mwaka 1953 waunda ndege wa nyumbani wa Marekani walianzisha chama chao mjini Milwaukee, na leo maelfu ya ndege zilizoundwa katika gereji huruka duniani. Mwenye kuunda hununua vipande vilivyokwisha kukatwa kiwandani, kisha huviunganisha nyumbani kwa miezi au kwa miaka. Kiwiliwili huanzwa kwa mataruma, kama yale ya jahazi, yanayosimamishwa moja baada ya jingine. Pau ndefu huyaunganisha kutoka mbele hadi mkiani, kisha bati jepesi la alumini hufungwa juu yake kwa ribiti nyingi mno. Kila tundu husafishwa kingo zake, kwa sababu mkwaruzo mdogo huweza kuzaa ufa, na ufa huweza kuua. Kazi hiyo haimtaki mtu awe na kipaji cha ajabu. Humtaka awe mvumilivu na mkweli, asiyeficha tundu lililotobolewa vibaya.

Maisha ya mtu huyu hayakuisha kwa furaha. Tarehe 4 Januari 1910 waya wa ndege yake ulikatika angani, akaanguka. Alipona, lakini hakuruka tena, na maradhi yakaanza kumnyong'onyesha. Aliyoyaona baadaye yalimwumiza zaidi ya maradhi. Mwaka 1911 rubani wa Kiitalia alidondosha mabomu nchini Libya, na vita vya dunia vilipozuka mwaka 1914 ndege ikawa silaha. Wasomali wanaifahamu sura hiyo. Mnamo Januari 1920, miaka kumi tu baada ya ramani za Demoiselle kuchapishwa, Waingereza walituma ndege 12 dhidi ya Sayyid Muhammad Abdullah Hassan na Madervishi wake kaskazini mwa nchi ya Wasomali. Huko watu wengi waliitambua ndege kwa mara ya kwanza kwa mabomu yake.

Mwaka 1926 Santos-Dumont aliliomba Shirikisho la Mataifa lipige marufuku ndege kutumika vitani. Hakusikilizwa. Mwaka 1928, alipokuwa akirejea Brazil kwa meli, ndege iliyobeba watu waliokwenda kumlaki ilianguka mbele yake karibu na Rio de Janeiro, wote wakafa. Mwaka 1932 vita vya wenyewe kwa wenyewe vilizuka nchini mwake, na ndege zikatumwa kuwapiga Wabrazil wenzake. Tarehe 23 Julai mwaka huo, mjini Guarujá, akiwa na umri wa miaka 59, alijitoa uhai.

Yupo atakayeuliza: je, ukarimu wake haukuwa kosa? Laiti angeficha ramani, mabomu yasingepungua? Naona yasingepungua. Majeshi hayakungoja jarida la mafundi. Yalikuwa na viwanda na fedha. Waliofaidika kwa ramani za bure ni wale wasiokuwa na kiwanda wala fedha. Elimu ikifichwa, mwenye nguvu huipata kwa njia nyingine, na mnyonge ndiye hubaki gizani. Somo la kifo chake si kwamba maarifa yafungiwe. Ni kwamba anayefundisha namna ya kuunda hana budi kufundisha pia kitu kinaundwa kwa ajili ya nini.

Hapo ndipo shauri linapowarudia walimu. Kaskazini Mashariki imeteseka kwa uhaba wao, hasa tangu shambulio la Novemba 2014 dhidi ya abiria wa basi huko Mandera, ambapo walimu walikuwa miongoni mwa waliouawa na wengi kutoka mikoa mingine wakaondoka kwa hofu. Mahali ambapo mwalimu mmoja hubeba kazi ya watatu, mazungumzo ya ndege huweza kuonekana kuwa anasa. Lakini fito, kamba na kipande cha kitambaa hazihitaji maabara. Darasa linaweza kuunda kiunzi cha pembetatu cha urefu wa mita moja, likining'iniza mawe hadi kivunjike, likaandika kilibeba kilo ngapi na kilivunjikia wapi. Hiyo ni sayansi kamili.

Wala pasiwe na mtu wa kupeleka hamaki mahali pa hesabu. Chombo cha kubeba mtu kina sheria yake, na katika Kenya Mamlaka ya Usafiri wa Anga ndiyo yenye kauli. Waya mmoja ulimwangusha bingwa mwenyewe. Hautamhurumia kijana aliyerukia kazi bila kupima. Mwanafunzi aanze chini, aongozwe, asipande juu ya ndoto aliyoiunga kwa misumari.

Lakini asichekwe. Akisema anataka kuunda ndege, mwalimu na amwulize kwanza jinsi nyumba ya mama yake inavyosimama katika upepo, amkabidhi fito, na kumwambia apime.