Tarehe 3 Februari: Umm Kulthum

Wapenzi wa muziki wa Marekani huiadhimisha tarehe 3 Februari kwa kumkumbuka Buddy Holly, aliyefariki katika ajali ya ndege mwaka 1959. Tarehe iyo hiyo, mwaka 1975, Umm Kulthum aliaga dunia jijini Cairo. Kwetu sisi wapenzi wa taarab, msiba huu wa pili ndio ulio karibu zaidi.

Alikuwa binti wa imamu wa kijiji. Baba yake alimvika mavazi ya kiume ili aweze kuimba kaswida hadharani. Ajabu ya kipaji kujificha ndani ya kanzu ya mvulana! Redio ya Cairo ilipozinduliwa mwaka 1934, alikuwa miongoni mwa walioifungulia. Baadaye Alhamisi ya kwanza ya mwezi ikawa yake, na wimbo mmoja uliweza kuchukua saa nzima. Huko Unguja, vikundi vya taarab vikaiga fidla za Misri.

Misri iliposhindwa vitani mwaka 1967, alizunguka akiimba, hata Paris, na mapato akaikabidhi serikali. Siku ya mazishi, waombolezaji walilitwaa jeneza mabegani mwa wachukuzi, wakalizungusha mitaani kwa saa kadhaa.